Anapata maswali yote akiwa na mwalimu wa tuisheni, akiwa peke yake anafeli. Tatizo liko wapi?

mama_wawili
Wakuu habarini. Naomba mawazo hasa kwa walimu na wazazi mliopitia hii kitu. Binti yangu ana miaka 12, hesabu zinampiga chenga muda mrefu, tukamtafutia mwalimu wa kumfundisha peke yake nyumbani, kijana mpole, hachelewi, na binti anampenda. Sasa shida ni kwamba wakiwa wote wawili anapata kila swali, daftari limejaa vyema, nami nafurahi, halafu mtihani wa shule ukija matokeo yaleyale. Nikimuuliza anasema alikuwa anaelewa ila kwenye mtihani kasahau. Mwalimu kashauri tuongeze siku na pia aanze kumfundisha sayansi na kodingi (kuandika programu za kompyuta), eti kodingi inafungua akili ya hesabu. Ni kweli jamani? Niongeze, nibadilishe mwalimu au nimwache mtoto apumzike, maana naona anachoka.

chaki_nyeupe
Mama pole, ila usiongeze chochote kwanza. Hii nimeiona sana, mi kazi yangu ndo hiyo ya mtoto mmoja mmoja. Siku akija kaa chumba hichohicho ujifanye una shughuli zako, usiangalie daftari, angalia kalamu iko kwa nani. Kama mwalimu ndo anaandika na mtoto anaitikia "ndiyo, nimeelewa", basi anayefanya hesabu pale ni mwalimu. Na hata kalamu ikiwa kwa mtoto, sikiliza kama anapewa hatua moja moja, "sasa tunafanya nini? tunazidisha, eeh, halafu?" Mtoto ni mjanja, anasoma uso na sauti yako, ukisita kidogo anajua kakosea anabadili jibu. Kwenye mtihani hakuna uso wa kusoma.

Dawa yake: dakika kumi za mwanzo za kila kipindi apewe maswali matatu manne ya vitu vya nyuma (siyo vya jana tu, hata vya mwezi uliopita), mwalimu anyamaze kabisa, asisaidie hata kwa kuguna. Hapo ndo utajua kilichobaki kichwani ni kipi.

Jambo la pili, muulize mwalimu tundu liko wapi. Akikujibu "hesabu kwa ujumla" ujue bado hajatafuta. Mtoto wa umri huo anayelia na aljebra mara nyingi tatizo lake liko nyuma huko, kwenye sehemu (zile za nusu na theluthi) au namba hasi. Mpe 1/2 + 1/3 bila kumwelekeza. Akiandika 2/5 umeshalipata, amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usimwambie tu "tafuta kigawe kidogo cha shirika", maana hiyo sheria alishaikariri na ikapotea. Muulize kwanza 2/5 na nusu ipi kubwa. Atagundua mwenyewe kwamba ameanza na nusu, akaongeza kitu, akaishia na pungufu ya nusu! Hapo ndo anakuwa na sababu ya kutaka kujua njia sahihi, na hilo hasahau kirahisi.

bit_na_baiti
Mi niongelee kodingi maana ndo eneo langu. Kwamba inafungua akili ya hesabu mi siiamini kivile, asije mtu akakuuzia kodingi kama dawa ya hesabu. Kodingi ni nzuri yenyewe kama mtoto anaipenda. Inamzoesha kuvunja tatizo vipande vipande na kutafuta kosa bila kulia, ila hakuna programu itakayomfundisha sehemu kama hakufundishwa sehemu.

Halafu kuna mahali vinagongana kabisa. Mtoto anayejifunza aljebra ukimwonyesha kwenye Python (lugha ya kuandikia programu) x = x + 1 anachanganyikiwa na ana haki, kwenye hesabu hiyo haiwezekani, namba gani ukiijumlishia moja inabaki ileile? Kwenye kodingi maana yake chukua kilichomo ndani ya x, ongeza moja, rudisha humohumo. Mwalimu asipolisema hilo wazi anamuongezea mtoto tatizo.

Akitaka kujaribu aanze na Scratch, programu ya kufundishia watoto kodingi, ni ya bure, ilitoka chuo cha MIT kule Marekani mwaka 2007 na imelengwa watoto wa miaka 8 hadi 16, anapanga vibloki badala ya kuandika, na hata Kiswahili kimo. Ila iwe siku yake tofauti na wala isihesabiwe kama tuisheni. Akitengeneza gemu yake mwenyewe na siyo kunakili ya mwalimu mstari kwa mstari, hapo kuna faida. Akinakili tu ni yaleyale ya kalamu aliyosema chaki hapo juu.

mzee_wa_maabara
Mmeiacha sayansi kama yatima 😀 Mi nadhani sayansi ndo ingemsaidia zaidi hata kuliko kuongeza hesabu tupu, kwa sababu namba zinakuwa na maana. Mfano gari linakwenda kilomita 72 kwa saa, ni mita ngapi kwa sekunde? Watoto wengi wanagawa kwa 60 wanaridhika na 1.2. Muulize, mita moja na kidogo kwa sekunde si mwendo wa mtu anayetembea? Hilo gari limeharibika? Ndo anarudi: mita 72,000 kwa sekunde 3,600, anapata 20. Kujiuliza "jibu hili linaingia akilini kweli?" ni kitu cha kufundishwa na kwenye daftari la hesabu tupu hakifundishwi.

chaki_nyeupe
@mzee nakubali mfano ila sikubali kuongeza somo kwa mtoto aliyechoka. Maswali ya aina hiyo yanaingia ndani ya kipindi cha hesabu hichohicho, haihitaji siku mpya.

msomaji_kimya
Hii ishu imefanyiwa utafiti. Mtafiti wa elimu Benjamin Bloom mwaka 1984 aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake alifanya vizuri kuliko 98% ya waliofundishwa darasa la kawaida, na watu wa tuisheni wanapenda kuitangaza hiyo namba. Wasichosema ni kwamba kwenye majaribio yale mtoto alikuwa haendi mada inayofuata mpaka athibitishe kaiweza iliyopo, siyo kukaa na mwalimu tu. Tafiti za baadaye zikaona faida ipo ila ni ndogo kuliko hiyo. Na mwaka 2001 mtafiti mwingine, Michelene Chi, na wenzake waliwazuia walimu wasieleze, wawe wanauliza na kumchokoza tu mwanafunzi ajieleze, na wanafunzi walijifunza sawa na wale walioelezwa. Kwa hiyo mwalimu anayeongea sana siyo lazima ndo anafundisha sana.

mama_wawili
Asanteni jamani. Jana nimekaa pembeni kama nilivyoambiwa, kalamu alikuwa nayo mtoto ila kila hatua anainua macho kwa mwalimu kwanza, nimeona kwa macho yangu. Baadaye nikampa ile 1/2 + 1/3 nikapata 2/5 😅. Sasa huyu kijana namwambiaje bila kumvunja moyo? Sitaki kumpoteza, mtoto anamwamini.

chaki_nyeupe
Usimbadilishe basi, mtoto kumwamini mwalimu ni nusu ya kazi. Mwambie tu "mwalimu, naomba kwa sasa tusiongeze siku wala somo, turudi kwenye sehemu mpaka ziishe, na kila kipindi kianze na maswali anayofanya peke yake, hayo makaratasi naomba uniachie". Mwalimu mzuri atapumua, maana wengi wanakimbizana na mada za shule kwa kudhani mzazi ndo anachotaka. Na wewe usishtuke makaratasi ya mwanzo yakiwa na mikasi mingi, usimgombeze mtoto kwa hayo, vinginevyo ataanza kutafuta majibu kwa dada yake.

mama_wawili
Hahaha huyo dada yake ndo mwepesi wa kutoa majibu, nitamhamisha chumba. Keshokutwa ndo siku ya mwalimu, naongea naye.