Tupeane uzoefu: kuchekana tahajia kwenye mijadala ya siasa

Nyamagana: Wadau, mijadala ya siasa hapa Mwanza siku hizi inaishia kwenye herufi. Mtu anauliza la msingi, anajibiwa "rudi darasa la pili". Mwenye mbinu aziweke hapa.

Buhongwa: Anayecheka ajue kwanza kosa linatoka wapi. Kisukuma kina L, hakina R, ndiyo maana kura inakuwa "kula". Mkurya wa Tarime ni kinyume chake, R inakaa hata pa L. Wengi, wa kabila lolote, wanaandika "zarau", "garama", "uyu". Mtu anaandika anavyotamka, na Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, si juu ya matamshi ya Misungwi. Herufi zinakuonyesha alikokulia, hazikuonyeshi kama anaijua bajeti ya kata yake.

Kirumba Mwaloni: Tuchukue mfano wa mikopo ya halmashauri. Mama wa dagaa akiandika "ile asirimia kumi tunaisikia tu, vikundi vyetu avipewi", watu watamvamia kwa hiyo "asirimia" na swali litazikwa hapohapo. (R hiyo yenyewe inaweza kuwa ya mtu aliyechekwa kwa kuweka L pa R, hadi akaanza kuweka R hata pa L.) Mjibuni hivi: "Mama, unauliza kwa nini vikundi havipati asilimia 10 ya mapato ya ndani. Mgawo ni 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Kikundi chenu kimesajiliwa? Afisa maendeleo wa kata amewapa jibu gani?" Hoja yake imeandikwa upya kwa usahihi bila kumnyooshea kidole, na sasa anayetakiwa kujibu ni halmashauri. Msimwandikie "asilimia*" yenye kinyota. Kinyota hicho ndicho kinachofungua mlango wa vicheko.

Igoma: Makosa mengine ni ya simu. Kibodi ikiwa ya Kiingereza inabadilisha maneno yenyewe. Ingia mipangilio ya kibodi, ongeza Kiswahili, zima usahihishaji wa otomatiki.

Nansio: Kuna mahali pa kusahihisha: jina la mgombea, jina la kata, tarakimu. Milioni 30 na milioni 300 si jambo la kuachia. Uliza tu, "Mkuu, ulimaanisha ngapi?"

Sengerema: Wanaosema asiyejua kuandika asiongee siasa wasome Katiba ya 1977. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Mpiga kura, ibara ya 5, anatakiwa awe raia aliyetimiza miaka 18. Kuandika hakumo. Inaniuma kuona mvuvi ananyamazishwa kwa sharti ambalo hata sheria haijamwekea.

Mkolani: Wasimamizi wa makundi, onyo peke yake halitoshi, maana dhihaka inabaki pale watu wakiipigia picha na kuisambaza. Futeni kwanza, halafu mwandikieni mhusika faragha. Akirudia, mzuieni kuandika kwa siku nzima, awe wa chama chochote. Mkimlinda wa chama chenu, kanuni imekufa siku hiyo.

Ruhusuni na jumbe za sauti, ila zisizidi dakika moja, kwani ndefu zinakula bando na hazisikilizwi. Atakayecheka lafudhi naye afutiwe vilevile.