Wanatangaza "Divai za Amerika Kusini", ukifika ni Malbec tupu, tena ya vuguvugu!

Wakuu, jana usiku nimetoka kwenye tukio la kuonja divai na hadi sasa hasira haijanishuka. Ni mara ya tatu mwaka huu, waandaaji watatu tofauti, madudu yaleyale. Safari hii sinyamazi.

Tangazo lilisema tutaonja Amerika Kusini kwa glasi kumi. Nikalipa kiingilio mapema, nikawahi kufika. Mezani nikakuta divai nyekundu za Malbec sita na Cabernet Sauvignon tatu, na nyeupe ya Chardonnay moja. Hizo Malbec zote za Mendoza, Argentina, hizo nyingine zote za Chile. Bara zima limeishia hapo?

Nikamuuliza mhudumu Tannat iko wapi. Akaniuliza, "Hiyo ni kampuni gani?" Simlaumu yeye, namlaumu aliyemsimamisha pale bila kumfundisha chochote. Tannat ndiyo zabibu iliyoijengea Uruguay jina. Mfaransa wa jamii ya Wabaski aitwaye Pascual Harriague aliieneza kule karne ya 19, hadi watu wakawa wanaiita Harriague. Ina ukakasi unaoshika fizi kama chai iliyokaa na majani mpaka ikawa nyeusi. Mtu anayeanza kujifunza akiinywa kisha akanywa Malbec, ulimi wake unaelewa tanini, yaani kinacholeta huo ukakasi, ni nini papo hapo, bila hotuba. Torrontés nayo haikuwepo, divai nyeupe ya Argentina ambayo ukiinusa unapata maua na unajiandaa kwa utamu, ukiinywa ni kavu kabisa. Ile ya Cafayate, kaskazini mwa Argentina, inalimwa karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Brazili na divai zake za mapovu za Serra Gaúcha haikutajwa hata kwa bahati mbaya.

Kilichonichoma kuliko vyote ni mtoa maelezo. Alisimama mbele ya watu waliolipa akasema Carménère ni "Merlot ya Chile". Hapana! Hilo ndilo kosa lenyewe lililosahihishwa mwaka 1994. Carménère ni zabibu nyekundu ya Bordeaux, Ufaransa, na Merlot ni zabibu nyingine. Mdudu wa filoksera alipoteketeza mizabibu ya Ufaransa katika karne ya 19, ikakaribia kutoweka kule, lakini vipandikizi vilikuwa vimeshafika Chile na vikachanganyika shambani na Merlot. Wakulima wakavuna zote pamoja miaka na miaka, wakati Carménère huchelewa kuiva kwa wiki kadhaa, ndiyo maana divai ile ilikuwa inanuka pilipili hoho mbichi. Mfaransa Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa kutambua mizabibu, ndiye aliyeitambua shambani katika bonde la Maipo, Chile. Kisa kizuri namna hiyo, tena kinachokueleza harufu iliyomo kwenye glasi yako, na huyu bwana anakigeuza uongo. Na chupa yenyewe ya Carménère hakuwa nayo!

Tuje kwenye huduma. Chupa za divai nyekundu zilikaa chini ya taa kali tangu jioni. Divai nyekundu inatakiwa iwe kwenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Ikipata joto, kileo ndicho kinachokurukia puani, na Malbec nyingi za Mendoza zinafika asilimia 14, kwa hiyo matunda huyasikii tena. Glasi moja kwa zote kumi. Maji ya kusuuzia hakuna, ndoo ya kutemea hakuna. Nilipoomba chombo nikaambiwa ni dharau kutema divai ya watu. Kutema ndiyo kazi yenyewe ya kuonja! Glasi kumi ukizimeza zote huonji tena, unalewa. Na ndivyo ilivyokuwa: kufika glasi ya saba ukumbi mzima kelele, hakuna anayesikiliza.

Hapo ndipo fomu za oda zikapitishwa.

Nikageuza chupa nikasoma lebo za nyuma. Malbec zote sita, mwagizaji mmoja. Kumbe tumelipa kiingilio ili mtu apunguze stoo yake!

Na hata kwa Malbec hizo hizo sita wangeweza kufanya jambo la maana. Waanze na ya Luján de Cuyo, hukohuko Mendoza, wapande hadi mashamba ya Valle de Uco yanayozidi mita 1,000, ambako baridi ya usiku inatunza uchachu wa zabibu. Tungeonja mlima kwa ulimi. Lakini ziliwekwa ovyo, na karatasi tuliyopewa haikuwa na eneo wala mwaka wa mavuno, ina bei tu.

Waandaaji mnaosoma hapa: toeni orodha kamili kabla ya kuuza tiketi. Aina ya zabibu, eneo, mwaka, na nani anayeingiza. Kama mna Malbec peke yake, andikeni Malbec, wanaoipenda watakuja.

Niliwaandikia usiku uleule kudai hela yangu. Leo asubuhi wamejibu kwamba watanipa punguzo nikichukua kasha zima la Malbec. Sitaki punguzo, nataka kiingilio changu kirudi. Mliokuwepo jana, msifute lile tangazo, tutalihitaji.