Mzee uliyeng'ata manati yangu leo asubuhi, Mungu anakuona

Fundi Panda

Wakuu naandika mkono unatetemeka, chai sijanywa, mandazi yamepoa hapa pembeni na siyaoni. Kuna mzee hapa Mwanza simtaji jina kwa sababu hakuna haja, kila anayepita Kirumba anamjua, yule wa kofia ya pama na kikoba cha risiti, anayekusalimia huku anaangalia umeshika nini mkononi. Huyo huyo. LEO AMENING'ATIA MANATI.

Hajanipiga na manati, msinielewe vibaya, bora angenipiga. AMEING'ATA. Kwa meno ya mbele, yale yaliyobaki.

Ngoja nirudi nyuma. Mimi natengeneza mipini ya manati, na sizungumzii zile panda za mpera tulizokata utotoni tukababua ganda kwenye moto, nazungumzia mpini uliopimwa na kiganja cha mtu. Ndani kuna chuma cha milimita nne, fundi wa kuchomelea ananikatia umbo la panda, nakitoboa matundu kila mahali kwa sababu ule udongo na chuma laini haupatani, lazima upate pa kujishikiza. Juu ndo navisha udongo wa rangi, ule wa kuoka kwenye oveni. Kwa wasioujua, huo sio wa mfinyanzi, hauna hata tone la maji, ni plastiki ya PVC imelainishwa, unaukanda kama wa chapati na ukiuacha mezani wiki nzima bado laini, mpaka uuingize kwenye joto la nyuzi 130 hivi ndo unashikana. Kipaketi ni gramu 57, kadogo kama sabuni ya gesti, na hapa mjini sijawahi kuuona, naagiza kwa mtu anayeleta kutoka nje, kila nikifungua paketi roho inaniuma.

Mzee akataka wa kwake, wa kufukuzia makorongo kwenye dagaa wake. Nikampa udongo aukamate kama anavyoshika manati nipate vijibonde vya vidole. Akaukamata na mkono uliotoka kula sato wa kukaanga. Hakunawa! Mafuta yote kwenye udongo wangu na gamba moja la samaki likazama humo, nimelichokonoa na sindano robo saa nzima. Nikameza.

Akasema anataka ufanane na jiwe. "Kijana nifanyie kama lile la Bismarck pale ziwani." Sawa. Kupata jiwe unachanganya udongo ule mweupe unaopitisha mwanga, kijivu, na mweusi kiduchu, halafu unatia pilipili manga iliyotwangwa kizembe, zile chembe ukishapiga msasa zinatoka kama mawe yetu haya kabisa. Ikumbukeni hiyo pilipili manga.

Nikaenda kuoka kwa Mama Keki wa mtaani kwetu, nikapiga msasa wa maji namba 400, 800, 1000, nikamalizia na kipande cha jinzi mpaka likang'aa kama jiwe lililotoka majini saa hiyo hiyo. Siku nne wakuu.

Leo kaja. Dukani watu wamejaa, wa vocha, wa mkate, mabinti wawili wa chuo, na yule dogo wa bodaboda anayerekodi mpaka kuku wakipigana. Mzee kapokea mpini, kaugeuza, kaunusa, kavua miwani. Mimi natabasamu kama bwege nasubiri sifa. Kaupeleka mdomoni. KAP.

Kautoa, kautazama, kamumunya mumunya kidogo, akasema kwa ile sauti yake ya kutangaza msiba: "Bado mbichi. Halafu mmezidisha pilipili."

BADO MBICHI!!! Mpini wa manati! Bado mbichi!

Muuza mkate kaangusha kreti kwa kucheka. Na mzee kanirudishia mpini umelowa, uzi wa mate unaning'inia kati yangu na yeye kama tumefungishwa ndoa, akaniambia "rudisha ovenini nitapita jioni", na elfu ishirini yangu iliyobaki haijatoka kwenye kikoba. Tangu hapo kila anayepita, "fundi, imeiva?" Mtoto wa darasa la pili kaja kununua pipi kaniuliza imeiva.

Sasa nauliza, huyu mzee akienda kununua gari anang'ata bampa? Akipelekwa kwa seremala analamba kitanda? Nimekosa nini mimi? Bado mbichi... nikikumbuka ile kumumunya nahisi homa.

Sato Mkavu

Uzi bila picha ni batili. Weka picha ya meno.

Abiria wa Kamanga

Niko kwenye feri nimecheka peke yangu mpaka mama wa pembeni kahamisha mtoto. "Mmezidisha pilipili." Kwanini wingi? Wewe na nani mlipika?

Jiwe Juu ya Jiwe

Chai hii. Manati tangu lini ina fundi? Sisi Mabatini tulikuwa tunakata panda ya mpera, tyubu ya baiskeli, ulimi wa kiatu cha shule, ndani ya dakika kumi kioo cha jirani kiko chini. Leo mtu anapimwa kiganja kama anashonewa suti.

Fundi Panda

Jiwe, tatizo lenu watu wa mpera ni kwamba mpini unaisha nguvu ndani, unapasuka siku ukiwa umevuta mpaka sikioni. Na sijaja hapa kujadili mpera, nimekuja kujadili mzee aliyeng'ata.

Picha nimeweka hapo juu. Pengo linaonekana lenyewe, hata mtoto akiangalia anamtaja.

Mjukuu wa Mfinyanzi

Mkuu pole sana, ila kwa picha hiyo mzee yuko sahihi.

Usinitukane, nisikilize. Udongo huo ukiiva sawasawa jino linateleza, ukibonyeza na ukucha unapata kamstari tu basi. Wako umechukua meno mpaka pengo tunalihesabu, maana yake joto halikuingia. Soma maelezo ya paketi, kila milimita sita za unene ni dakika 15 mpaka 30 kutegemea na aina, sasa mpini wa mtu mwenye kiganja kama chepe una unene wa milimita ngapi? Na ndani kuna chuma baridi, nacho kinakula joto kabla ya udongo. Ulioka dakika ngapi?

Fundi Panda

Dakika za kutosha.

Mjukuu wa Mfinyanzi

Ngapi?

Fundi Panda

Umeme ulikatika kwenye dakika ya kumi na nane hivi. Lakini oveni ilibaki ya moto!! Mama Keki alifunga mlango hatukufungua. Na hata kama, HATA KAMA, anayekagua mpini anaugonga na kidole, haumumunyi.

Abiria wa Kamanga

KWA HIYO ILIKUWA MBICHI 😂😂😂

Sato Mkavu

Ilikuwa mbichi jamani. Uzi ufungwe.

Ng'wana Buhongwa

Mzee ana kipaji, mpeni kazi ya kukagua ubora. Mwangaluka mzee wetu popote ulipo, kang'ate na hizi barabara za kwetu utuambie kama zimeiva.

Mjukuu wa Mfinyanzi

Bado unaweza kuuokoa mkuu, udongo huo unarudishwa ovenini hata mara tatu hauna shida. Osha mate kwanza. Shimo la meno jaza udongo mpya, oka upya nusu saa kamili au zaidi. Ila usije ukapandisha moto ili uwahi, ule ni PVC, ukiungua unakuwa mweusi na unatoa moshi wenye asidi unaokaba koo. Na usithubutu kuupeleka oveni ya mkate wala ya mkaa, mkate unataka nyuzi 200 na kitu. Hongera kwa kuweka chuma ndani, kuna vijana wanafinyanga manati nzima kwa udongo mtupu, siku panda ikikatika inakuja yenyewe jichoni.

Mama wa Watatu, Nyegezi

Samahani naomba kuuliza. Huyo Mama Keki ni yule wa geti la bluu?

Fundi Panda

Ndiyo dada, kwani vipi?

Mama wa Watatu, Nyegezi

Yaani nimeweka simu chini nikaenda kunywa maji nikarudi. Jumamosi mwanangu wa pili kapata kipaimara, keki ya ngazi mbili nimelipa pesa kamili, wageni wametoka mpaka Magu. Padri kaonja akasema "ina ladha ya aina yake." Shemeji yangu ambaye hana adabu ndo akasema ukweli, keki inanuka ndala iliyoungua. Wiki nzima nimemlaumu binti wa kazi kwamba aliifunika na nailoni ya moto. KUMBE NI MANATI.

Fundi Panda

Dada mimi nafunika na foili juu na chini, haiwezi kutoa harufu ikifunikwa.

Mjukuu wa Mfinyanzi

Oveni ya chakula na udongo huo bora zisichanganywe kabisa mkuu. Tafuta kaoveni kadogo ka mtumba kawe kako peke yako. Na kipimajoto weka ndani, ile namba ya kwenye kitufe inadanganya.

Mama wa Watatu, Nyegezi

Umesikia? Padri amekula plastiki yako. PADRI. Na unakuja humu kulia eti umeng'atiwa.

Abiria wa Kamanga

Kwa hiyo mzee kang'ata manati ikawa na ladha ya chakula, padri kala keki ikawa na ladha ya manati. Mtaa huo mimi siji hata kwa msiba.

Bibi Harusi Mtarajiwa

Afadhali nyie keki. Mimi kuna fundi cherehani, mnamjua, yule wa Makoroboi anayesema "kesho" huku ana pini mdomoni. Nimempelekea kitambaa mita tano, nimerudishiwa gauni ambalo mkono mmoja unafika kwenye kiwiko mwingine unafika Sengerema. Nikalalamika akaniambia nikunje.

Jiwe Juu ya Jiwe

Ukunje 😂 wangu alinishonea suruali zipu iko pembeni akaniambia ni fasheni.

Fundi Panda

Hizo ni mada nyingine anzisheni uzi wenu. Hapa tunaongelea mzee. Mwaka huu wote sijawahi kudhalilishwa namna hii, mbele ya mabinti wa chuo, bado mbichi, anamumunya...

Mpwa wa Mtajwa

Jamani huyo ni mjomba wangu, mmemwelezea mpaka kikoba. Namtetea kidogo, hana ubaya, ndivyo alivyo. Kwenye mahari ya dada yangu aliwafungua ng'ombe midomo mmoja mmoja akawahesabia meno, wazee wakasema sawa ndo utaratibu. Halafu akamng'ata mmoja mkia. Harusi ilisogezwa miezi miwili.

Jioni atapita kweli, na pesa anayo. Anasema apunguziwe kwa sababu ya pilipili.

Sato Mkavu

Mwambie mjomba wako na mimi nina deni naye. Alinipimia dagaa debe zima, nimefika nyumbani nimewaosha maji matano, mchanga uliobaki kwenye beseni ungetosha kujengea choo. Hao hakuanika, aliwazika.

Mpwa wa Mtajwa

Hapo sina utetezi, anaanika chini. Nimemwambia ajenge chanja anasema mbao ghali. Na makorongo ndo yanakuja kutembea humo humo juu ya dagaa, ndo maana alitaka manati.

Ng'wana Buhongwa

Bora mchanga kuliko miguu ya makorongo, yale yanashinda dampo asubuhi.

Mzalendo wa Ziwa

Naomba niingilie. Kupiga ndege pori na manati sio mchezo, kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, watu wanafikishwa mahakamani. Na wapo vijana wanaopiga pimbi kwenye mawe, wengine wana ndoto za kuvuka mpaka Saanane, ile ni Hifadhi ya Taifa tangu 2013.

Jiwe Juu ya Jiwe

Mkuu mzee mwenyewe pengo, analenga nini? Anawatisha tu.

Sato Mkavu

Nani anajua dagaa wa chanja wanapatikana wapi, wale wasiolia chwa chwa mdomoni? Niko tayari kulipa zaidi.

Nyavu za Igombe

Mimi nina wa chanja huku Igombe, wakavu, hakuna punje ya mchanga. Ila wiki hii mbalamwezi kali, taa zetu hazivuti samaki, boti ziko nchi kavu. Subirini giza lirudi.

Mama wa Watatu, Nyegezi

Usafiri upo mpaka Nyegezi? Nina wageni tena mwisho wa mwezi, na safari hii hakuna keki.

Fundi Panda

Tafadhali turudi kwenye mada, mzee anafika saa kumi na moja nahitaji ushauri, nimwambie nini akitaka kuung'ata tena?

Bibi Harusi Mtarajiwa

Nyavu za Igombe, hao wa chanja unauza kwa debe au kwa kilo? Nataka wa kupeleka ukweni.

Nyavu za Igombe

Kwa debe dada, ukichukua gunia nakupunguzia. Njooni inbox. Nina na furu wakavu.

Fundi Panda

Furu wapo kweli? Mimi nina miaka sijawala. Niwekee debe moja la dagaa na furu kidogo, nikilipwa jioni natuma.

Ng'wana Buhongwa

Gunia ukileta Buhongwa na nauli juu yako au yangu?