Tupeane uzoefu: silabi za Kifaransa zilikuumbua wapi?

Baba Irabu: Wakuu, mwanangu kaligawa "oiseau" hivi: o-i-se-a-u. Silabi tano! Nimecheka, kisha nikakumbuka nami nilisoma hivyo hivyo. Kumbe ni mbili tu, oi-seau, na ukilitamka ni kama "wazo" letu. Ndege kawa wazo! Wewe yalikukuta wapi?

Kinyonga: -ent ya mwisho wa kitenzi. "Ils parlent" (wanaongea) nilisoma par-lent muhula mzima. Kumbe ni "parl", basi.

Mkimya: Yangu sijawahi kuisimulia. Siku ya mahafali nilipewa kusoma hotuba ya kuwasifu mashujaa. Mwalimu alishatukaririsha: s ya mwisho ikikuta irabu inakuwa z na kuhamia silabi inayofuata, "les amis" inakuwa le-za-mi. Na h haitamkwi. Nilipofika "les héros" nikaunganisha kwa mbwembwe: le-ze-ro! Mgeni mmoja mstari wa mbele akainua macho kutoka kwenye karatasi yake. Mimi nikadhani nimemkuna. Nikarudia mara nne, maana hotuba nzima ni mashujaa. Kumbe nawaita "les zéros", masifuri! H ya héros haikubali kuunganishwa. Cha kuudhi, "les héroïnes", mashujaa wa kike, inakubali.

Kinyonga: Mara nne 😂😂

Sina Haraka: Umenikumbusha mbali.

Kalamu Butu: Turudi kwenye mada. Konsonanti moja kati ya irabu inaenda kulia: a-ni-mal. Zikiwa mbili, zitenganishe: par-tir, pom-me. Ila ya pili ikiwa l au r mara nyingi zinabaki pamoja: ta-bleau.

Kinyonga: Pomme ni silabi moja. Hiyo "me" unaisikia wapi?

Kalamu Butu: Nazungumzia maandishi, mkuu. Soma kabla ya kubisha.

Kinyonga: Kwani nitaongea kwa kalamu?

Baba Irabu: Wote mko sawa. Na kwenye ushairi wa mizani, e hiyo inahesabiwa ikifuatwa na konsonanti. Yaishe.

Sina Haraka: Mimi nilifunga kitabu nikawa nasikiliza tu. Herufi zinadanganya.

Kalamu Butu: Ndiyo maana huwezi kuandika.

Sina Haraka: 😂 Haya. Ukifika "bon", n usiitamke, o ipitishie puani. Mkimya, yule mgeni alikufanyaje?

Mkimya: Alinipa mkono, akauliza kama hotuba nimeiandika mwenyewe. Nikamwonyesha mwalimu.