MREJESHO: Kangomba nimeiacha

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kama Mkristo anaweza kufanya kangomba, yaani ulanguzi wa korosho. Hapa Masasi nilikuwa nanunua korosho kabla ya mnada, kwa watu waliobanwa na njaa, halafu naziingiza ghalani kwa jina langu. Mliponitupia Mithali 11:1, ile mizani ya hadaa, usingizi ulikata.

Nimeacha. Kibakuli cha kupimia korosho, nilichokitanua kwa maji ya moto ili kibebe zaidi, sasa kinanyweshea kuku. Bibi mmoja nilimrudishia gunia lake la korosho. Hakushukuru, alizihesabu kwanza (haki yake). Shemeji ananiita mlokole mjinga, na ada ya mtoto bado sijalipa. Ila Jumapili yule bibi alikaa benchi la mbele, nami nikaimba kwaya bila kuinamisha macho.