Mapishi ya nyumbani Uganda wakati wa mvua: niunge mboga kwa nini badala ya nazi, na nipike vipi makaa yakiwa na unyevu?

MwanaTanga (Mukono)

Habari zenu ndugu wapishi. Nimezaliwa na kulelewa Tanga, na sasa nimeolewa Mukono. Kwetu samaki, kisamvu, maharage na hata ndizi huungwa kwa tui la nazi, na mkono wangu umezoea hivyo. Hapa nazi hutoka mbali na bei yake si ya kila siku, ilhali soko la jirani limejaa matoke, mboga ya majani iitwayo nakati, mchicha wanaouita dodo, uyoga na karanga, kiasi kwamba naona ni kukosa shukrani kuendelea kupika kana kwamba bado niko pwani.

Mvua za masika zimeanza kwa nguvu. Makaa yananyonya unyevu, yanachelewa kushika na yanatoa moshi mwingi, na jiko ambalo wakati wa kiangazi huwa uani sasa linadai kuingizwa ndani. Tena muhogo nilioumenya ili nipate udaga haukauki, bali unaota ukungu mweusi. Naomba mnifundishe vyakula vinavyoendana na msimu huu, namna ya kuvipanga ili moto mmoja ufanye kazi nyingi, na kitu cha kuunga mboga mahali pa nazi. Mama mkwe atakuja kukaa nasi karibuni, nami ningependa kumpikia chakula cha kwao kama kinavyostahili kupikwa.

Mama wa Masaka

Dada, karibu sana Buganda. Nitaanza na hilo la nazi, kwa kuwa ukilipata hilo mengine yatafuata yenyewe. Huku kazi ya tui inafanywa na karanga, na mchuzi wake tunauita binyebwa. Chukua karanga mbichi zisizokaangwa, zile zenye ngozi nyekundu, uzitwange au uzisage ziwe unga laini, kisha uukoroge unga huo kwa maji ya baridi kabla haujaona moto, kwa sababu ukiutia katika maji yanayochemka utapata madonge ambayo hayavunjiki tena. Weka kitunguu, nyanya na chumvi, bandika kwenye moto mdogo, na usifunike sufuria, maana karanga hufura na kumwagika ghafla. Usitie mafuta. Karanga zina mafuta yake, na yakianza kuelea juu ya mchuzi ujue umeiva. Ukipenda, ongeza samaki aliyekaushwa kwa moshi au uyoga, na hapo utakuwa na mchuzi ambao mama mkwe ataula bila kuuliza kitu.

Kuhusu moto mmoja kufanya kazi nyingi, hiyo ndiyo faida ya matoke yaliyopikwa kwa mvuke. Menya ndizi ukiwa umepaka mikono mafuta ili utomvu usikugande, kisha uzifunge katika majani ya mgomba yaliyolainishwa juu ya moto. Chini ya sufuria panga vipande vya uti wa majani hayohayo, tia maji yasiyofikia furushi, halafu funika kwa majani mengine mpaka mvuke usipate pa kutokea. Zikishaiva, zikandamize kwa viganja furushi likiwa bado limefungwa, uzirudishe juu ya makaa machache na uziache hapo kwa saa nzima au zaidi. Watu wengi huikosea hatua hii ya pili kwa haraka, na matokeo yake ni ndizi zilizochemka tu, zisizo na ulaini wala harufu ya jani. Makaa dhaifu ya msimu huu, ambayo yangekutesa ukikaanga, hapa yanafaa kabisa.

Juu ya furushi la matoke unaweza kuweka luwombo. Hilo ni jani changa la mgomba, lililopitishwa kwenye moto na kuparuliwa uti wake kwa kisu bila kutoboka, ambamo unaweka kuku au nyama iliyochomwa kidogo pamoja na binyebwa, ukafunga kwa kamba ya mgomba kama mfuko. Kila kitu kitaiva kwa mvuke uleule, na ukitaka kuongeza boga au magimbi pembeni, nafasi ipo.

Sasa uyoga. Ule mdogo mweupe uitwao obutiko obubaala huchomoza karibu na vichuguu baada ya mvua, na huuzwa sokoni ukiwa na udongo wake. Osha kwa maji mengi, rudia hadi maji yabaki safi, na uupike siku hiyohiyo kwa kuwa hauvumilii kulala. Nunua kwa wauzaji wanaoujua, usichume mwenyewe vichakani, kwa maana uyoga wenye sumu hufanana na ule unaoliwa. Na kabla hujaupika kwa ajili ya mama mkwe, muulize mumeo ukoo wa mama yake. Katika Buganda kila ukoo una mwiko wake: watu wa ukoo wa Butiko hawali uyoga, na watu wa ukoo wa Nsenene hawali senene. Ukoo wa mama mkwe ni ule wa baba yake mzazi, kwa hiyo usidhani ni sawa na wa mumeo.

Makaa yasikae sakafuni. Yainue juu ya mbao, na yale ya kesho yaweke karibu na jiko leo yakauke kwa joto lake. Lakini tafadhali, dada yangu, usipike kwa makaa ndani ya chumba kilichofungwa milango na madirisha eti kwa sababu mvua inapiga, wala usiache jiko lenye makaa mekundu chumbani ili kupasha joto usiku. Gesi yake haina rangi wala harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Simamisha bati uani au chini ya baraza upate kibanda. Hata kiwe kidogo kitakutosha.

Mkulima wa Gulu

Nakubaliana na Mama wa Masaka, ila kwetu kaskazini karanga hatuziachi mbichi. Tunazikaanga na kuzisaga pamoja na ufuta hadi ziwe rojo zito tunaloliita odi, ambalo huhifadhika vizuri ndani ya chombo kilichofunikwa, na hilo lina thamani kubwa wakati ambapo huwezi kuanika chochote. Mvua zetu huenda mfululizo takriban kuanzia mwezi wa nne hadi wa kumi, kwa hiyo mboga za majani ndizo zinazotulisha.

Jaribu malakwang. Majani yake ni machachu kwa asili, ni ya jamii moja na rosela. Yachemshe, umwage maji ya kwanza ili kupunguza uchachu, kisha uweke odi na kukoroga polepole mpaka mchuzi ushikamane. Haihitaji nyanya wala limau, na huliwa na viazi vitamu. Majani ya kunde, yaani boo, hupikwa pia kwa odi, lakini hayo tunayalainisha kwanza kwa magadi au kwa maji yaliyochujwa kwenye majivu.

Msimu huu pia ndio wa kumbikumbi. Wakishakaangwa bila mafuta na kupepetwa mbawa, wengine huwatwanga wakawa rojo, wakalila kwa asali na muhogo uliochemshwa. Muhogo huo, dada, kama si ule mchungu, uchemshe ukiwa mbichi, na udaga uusubirie kiangazi.

MwanaTanga (Mukono)

Nawashukuru mno, nyote wawili. Nimeuliza kuhusu ukoo kama mlivyonielekeza, na uyoga unaruhusiwa. Naomba kuuliza jambo moja zaidi: karanga nilizonunua wiki iliyopita nyingine zimesinyaa na chache zina vumbi la kijani. Je, nikizikaanga vizuri ukungu huo hauondoki?

Mmasaba

Hauondoki, na tafadhali usizile. Karanga na mahindi yaliyopata unyevu huota kuvu wanaotoa sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na joto la jikoni haliiondoi. Zitupe zote zilizosinyaa, zilizobadilika rangi na zenye ukungu, wala usimpe kuku, kwani nayo humdhuru. Katika miezi hii ni afadhali kununua karanga zikiwa bado na maganda yake, au angalau zikiwa nzima, uchague mwenyewe na kusaga kiasi cha siku chache. Unga wa karanga uliosagwa sokoni siununui kabisa wakati wa mvua, kwa sababu hakuna jicho linaloweza kuona kilichosagwa ndani yake. Muulize muuzaji pia kama maganda yalinyunyiziwa maji ili yabanguke kwa urahisi. Wako wanaofanya hivyo, na unyevu huo ndio unaowakaribisha kuvu.

Ukizipata karanga nzuri, tafuta malewa. Ni machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, ambayo hutoka wakati wa mvua na kukaushwa kwa moshi, hivyo hayategemei jua. Yaloweke, yachemshe hadi yalainike, uyakate vipande vidogo na uyaunge kwa binyebwa. Ladha yake ya moshi ni nzito, na mchuzi ukiwa mwepesi hautaibeba, kwa hiyo usibane karanga.

Mwenyeji wa Mbarara

Mimi naongeza chakula kimoja ambacho chenyewe hakibandikwi motoni. Mvua ikinyesha majani huota, ng'ombe hushiba na maziwa huwa mengi, na hapo sisi wa Ankole hutengeneza eshabwe kwa samli. Weka samli isiyoyeyushwa katika bakuli, tia maji kidogo ya chumvi ya mawe yaliyochujwa, na uisugue kwa mwiko mpaka igeuke kuwa nyeupe. Kisha ongeza maji yaliyochemshwa yakapoa, kidogo kidogo huku ukikoroga bila kupumzika, na mwisho uichuje na kuonja chumvi. Huliwa ikiwa baridi, pamoja na kalo, yaani ugali wa ulezi, au na matoke hayo aliyokueleza Mama wa Masaka. Samli iwe nzuri na yenye harufu safi, kwa sababu haipiti motoni na kasoro yoyote utaisikia mdomoni.