Tupeane uzoefu: Umeweka matairi gani ya A/T (ya njia zote, lami na vumbi) kwenye pikapu, na yamekufaaje?

PikapuYaNakasongola
Wadau, habari za kazi. Hilux yangu dabo kabini bado inavaa matairi ya H/T (ya lami) yaliyokuja nayo, saizi 265/65R17, na kashata (ile raba yenye mifereji inayogusa barabara) zimeshuka karibu na zile nundu ndogo zilizo chini ya mifereji. Ukifika kwenye nundu umebakiwa na milimita 1.6 tu, na mvua za Machi haziko mbali.

Kazi yangu ni kupeleka dawa za mifugo na chumvi ya ng'ombe. Kampala mpaka Nakasongola ni lami, barabara kuu ya Gulu. Nikishaiacha naingia kwenye mashamba ya ng'ombe: marram (barabara ya udongo na changarawe), miiba, vumbi, na mvua ikinyesha ni utelezi mtupu. Nataka kuhamia A/T. Matangazo ninayo ya kutosha, kwa hiyo naomba simulizi zenu: gari gani, njia gani, mzigo gani, tairi likafanya nini. Anayeuza aseme anauza, hatutamfukuza.

DerevaWaKotido
Naendesha Land Cruiser pikapu ya mradi, Moroto, Kotido mpaka Kaabong, huku Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda. Watu wa Kampala wakisikia Karamoja wanawaza tope. Tope lina msimu wake. Adui wa kila siku huku ni jiwe na mwiba.

Zamani tulikuwa na A/T za kawaida. Kashata zinakuwa bado nzuri kabisa, lakini tairi linafia ubavuni. Unapandisha ukingo wa korongo, jiwe lenye ncha linachana ubavu, basi. Tundu la katikati ya kashata linazibwa vizuri; la ubavuni halizibwi. Fundi akikwambia atalishona aweke tyubu ndani, hiyo ni ya kukufikisha mjini polepole, si ya kurudia kazi.

Tukaanza kusoma maandishi madogo ubavuni kabla ofisi haijalipa. Yasome, ndugu. Pana sehemu imeandikwa TREAD, inataja tabaka za nyuzi na za chuma chini ya kashata, na pembeni yake SIDEWALL, inataja tabaka za ubavu. Mengi yana 1 au 2. Baadhi ya yale yenye herufi LT, ya kazi nzito, yana 3. Tulihamia ya 3, na pancha za ubavuni zimepungua sana.

Lakini usidhani ni bure. Tairi la namna hiyo ni zito, gari linakunywa zaidi, na ukirudi huna mzigo linarukaruka mpaka kiuno kinalalamika. Kama njia yako haina mawe, unalipia tabaka usizozihitaji.

Na ule udongo mweusi wa Kotido ukilowa, hakuna A/T ya kukuokoa. Unajaa kwenye mifereji na tairi linabaki laini kama andazi. Hata M/T, zile za tope, zinahangaika. Sisi tunasimama kungoja jua. Asiyengoja anavutwa na trekta, na mwenye trekta huko anajua bei yake.

MamaViaziKisoro
Kaka wa Kotido, nyie wa miradi mnachagua tabaka, sisi wengine tunachagua kama gunia litafika.

Nina pikapu ya single kabini, nabeba viazi mviringo. Niliinunua kwa mtu ikiwa imevishwa A/T mpya, herufi nyeupe zinang'aa, kila mtu ananisifia. Siku moja tunashuka Kanaba na mzigo, moja la nyuma likapasuka. Dereva wangu mtulivu, alilishika gari, tukasimama upande wa mlima, si upande wa bonde. Mungu mkubwa.

Fundi wa Kabale ndiye aliyenifungua macho. Aliinama kwenye yale yaliyobaki akanionyesha namba baada ya saizi: 98. Akasema hiyo maana yake tairi moja linabeba kilo 750. Mawili ya nyuma ni 1,500, na hapo ondoa uzito wa gari lenyewe upande wa nyuma kabla hujaweka hata gunia moja. Ni matairi ya gari la familia. Saizi ya kazi, 205R16C, ina 110/108: kilo 1,060 likiwa moja kila upande. Ile C ya mwishoni ndiyo ya magari ya mizigo.

Aliyeniuzia wala hakudanganya. Alisema "tairi mpya", na mpya zilikuwa.

Sasa hivi nina A/T yenye C, 8PR (nguvu ya tabaka nane). Muundo wake wa kashata si wa kupiga picha. Viazi vinafika.

HapaKampalaTu
Niseme lisilopendwa: nusu ya A/T za Kampala hazijawahi kuona marram ndefu kuliko ile ya kuingilia getini. Kwenye lami iliyolowa, H/T nzuri inashika breki vizuri kuliko A/T nyingi, haina kelele, na inakula mafuta kidogo. Mleta mada, pima njia yako. Kama lami ni robo tatu, fikiria tena.

PikapuYaNakasongola
Nimelifikiria hilo. Kwa kilomita, lami inashinda. Lakini nikikwama, sikwami kwenye lami, na dawa nyingine zinataka baridi, haziningoji kwenye tope. Mama Viazi, nimetoka nje saa hii kuangalia yangu: 112. Hiyo ni kilo 1,120, au siyo?

MamaViaziKisoro
Ndiyo baba, 1,120 kila moja. Mapya yasiwe chini ya hapo.

FundiWaBombo
Mimi naziba pancha na kuuza matairi, mapya na ya mtumba, nimesema mapema.

Simulizi yangu ni ya mteja. Alileta manne ya mtumba aliyonunua mjini, A/T, kashata ndefu, bei ya kuchekesha. Anataka niyafunge tu. Nikapitisha kidole kwenye mfereji, nikahisi kingo zake ni kali, kama zimekatwa jana. Nikatafuta zile nundu za milimita 1.6: hakuna, zimepitiwa na kisu. Tairi lilikuwa kipara, mtu akapasha kisu moto akachonga kashata upya. Kwenye mfereji mmoja chuma kilianza kuchungulia. Matairi ya lori yaliyoandikwa REGROOVABLE yana raba ya ziada chini kwa kazi hiyo. Ya pikapu hayana. Nilikataa kuyafunga, akanuna akaenda kwingine.

La pili ni umri. Tafuta neno DOT ubavuni, fuata mpaka tarakimu nne za mwisho. Ukiona 2319, ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wafanyabiashara wengine hukwambia "halijatumika hata siku moja", ni kweli, limekaa stoo kwenye joto la mabati miaka. Raba inazeeka hata ikiwa imelala. Watengenezaji wengi wanasema likipita miaka 5 likaguliwe kila mwaka, likifika 10 litoke hata kama kashata zinapendeza. Mara nyingi tarakimu hizo zipo upande mmoja tu, na ukishafunga huenda zikaelekea ndani, kwa hiyo angalia tairi likiwa bado chini.

PikapuYaNakasongola
Fundi, swali. Duka moja limenishawishi nipande 265/70R17, gari linyanyuke. Ni sawa?

FundiWaBombo
Rimu ni ile ile, litaingia. Ila piga hesabu: 265/65R17 kimo chake ni milimita 776 hivi, 265/70R17 ni 803. Karibu asilimia tatu na nusu. Kama saa ilikuwa inasoma sawa, ikisoma 100 wewe kwa kweli uko 103 hivi, na barabara kuu zetu mwisho ni 100, trafiki hasikilizi habari za kimo. Gari linakuwa zito kidogo kuondoka na mzigo. Kata usukani mpaka mwisho ukiwa umebeba, usikilize kama linagusa plastiki ya ndani au matope-gadi. Mengine yanagusa, mengine hayagusi. Kwa kazi yako ningebaki kwenye 65.

AfandeMstaafu
Mnazungumzia tairi, hamzungumzii upepo. Tulikuwa Buliisa, kule chini karibu na Ziwa Albert, mchanga. Vijana wanakanyaga mafuta, gari linajichimbia kaburi. Tukashusha upepo mpaka PSI 20 (PSI ni kipimo cha upepo), tairi likatanuka, gari likatoka lenyewe bila kusukumwa. Matairi yalikuwa ya kawaida kabisa.

Lakini ukirudi kwenye lami, jaza. Tairi lenye upepo mdogo linakunjika ubavu kila mzunguko, linapata joto, na kwa mwendo wa barabara ya Gulu linapasuka. Nunua pampu ndogo ya betri na kipimo chako mwenyewe. Vipimo vya kwenye vituo nimeona vikipishana mpaka PSI 8 kwa tairi moja, asubuhi moja.

HapaKampalaTu
Afande amesema. Hilo hata mimi sipingi.

DadaWaArua
Mleta mada, kabla hujaenda dukani amua idadi. Shemeji yangu hapa Arua alinunua mawili kwanza, akaweka nyuma, mbele akaacha yaliyochakaa, tena ya muundo mwingine. Kwenye marram hakuna aliyegundua. Halafu akawa anaacha fowili (magurudumu yote manne kuvuta) imefungwa mpaka kwenye lami kavu. Kwenye Hilux, mbele na nyuma zikifungwa pamoja zinalazimika kuzunguka sawa. Matairi yakipishana kimo, gia boksi ndogo ya katikati ndiyo inateseka. Lami kavu ni mbaya hata yakilingana, yakipishana ni mbaya zaidi. Lever ya fowili ikagoma kutoka, na bili ya gia boksi ndogo ilizidi bei ya matairi mawili aliyoyakwepa.

Nunua matano kama mfuko unaruhusu, la tano la muundo ule ule, na uliingize kwenye zamu unapobadilisha nafasi kila kilomita 10,000 hivi. Kama hauruhusu, basi spea iwe angalau ya saizi ile ile, hata ya H/T. Moja kati ya yale unayoyavua, lililo bora, linafaa hapo.

Na hiyo spea, iteremshe nyumbani kabla ya safari. Kwenye Hilux inaning'inia chini ya bodi kwa mnyororo, unashika vumbi na maji mpaka unagoma. Pia mafundi wengi hujaza upepo manne yanayoonekana, la tano wakalisahau. Nyunyizia mnyororo mafuta, jaza upepo zaidi kidogo ya mengine, na hakikisha ule mkono wa kuteremshia bado uko nyuma ya kiti, haukubaki kwa fundi.